Nilivyousifu Mji Wetu kwa Mjomba Mshonaji

Barua zote zilizotoka nyumbani kwetu kwenda Kongolo niliziandika mimi, tangu nilipokuwa darasa la nne. Mama hakusoma. Baba alijua kuandika jina lake na namba za mabehewa, basi. Jumapili baada ya misa baba alikaa kwenye kiti chake, mama akasimama mlangoni na bakuli la maharagwe, wakaanza kusema wote wawili kwa pamoja, nami nikachagua nimsikilize nani. Mara nyingi sikumsikiliza yeyote, niliandika yangu. Nasema hivi ili ijulikane kwamba kosa la ile barua halikuwa la mtu mwingine.

Mbele ya watu mdomo wangu ulikuwa mzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Hata duka la chumvi nilikwenda na mdogo wangu wa miaka sita aniombee. Lakini kwenye karatasi sikumwogopa mtu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa, na tuliishi kambi ya kampuni, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na namba mlangoni. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, daktari alimpima mgongo akaandika kwamba asinyanyue tena minyororo. Akaambiwa mkataba wake utaisha pamoja na mvua. Nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi. Kazi ikiisha unarudisha ufunguo, nao wanakupa tiketi ya kukurudisha wewe na watu wako mahali walipokutoa.

Baba walimtoa Kongolo. Mimi Kongolo niliijua kwa barua tu. Nilichojua ni kwamba huko, kwa msichana, shule iliishia msingi, kisha akafundishwa kutarizi vitambaa vya meza. Mimi nilikuwa mwaka wa pili kwa masera, ndivyo tunavyowaita watawa, katika shule yao ya kutoa walimu wa kike. Nilikuwa mwanafunzi wa kutwa, bweni halikuwepo. Tukirudi Kongolo, ningefunga vitabu katikati ya mwaka na nisivifungue tena.

Njia ya kubaki ilikuwa moja: kupata kiwanja katika cité, mtaa wa watu weusi wasiokaa kambini. Lakini ofisi ya cité haikumpa mtu kiwanja kwa sababu anaupenda mji. Iliuliza: una kazi gani ya mikono? Ya baba ilikuwa kuunganisha mabehewa, na nani ana behewa uani kwake? Ndipo mama akamtaja kaka yake.

Mjomba alikuwa fundi wa kushona, mwenye mashini tatu. Ufundi alijifunza kwa Waislamu wa Kasongo, na karibu kila mwanaume wa Kongolo aliyeoa akiwa amevaa koti, lilikuwa koti la mjomba. Lakini alilalamika kwamba kule watu wana pesa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza pamba, na miezi mingine yeye anafuta vumbi. Alitaka kuhama. Rafiki yake alikuwa akimwita Albertville, kwenye ziwa. Sisi tulitaka aje kwetu. Akija, kiwanja kingeandikwa kwa ufundi wake, baba angenunua vitambaa, angepiga pasi na kupeleka nguo kwa wateja, na mimi ningebaki shule.

Naandika wazi: nilipokaa mbele ya ile karatasi sikuufikiria mgongo wa baba. Nilijifikiria mimi.

Siku zile masera wetu wa somo la Kifaransa alituletea kijitabu cha karatasi ya kung'aa. Wafanyabiashara wa mji walikuwa wamekichapisha ili kipelekwe Ulaya na nchi za kusini, kuwaita watu wenye mitaji waje kufungua kazi kwetu. Kilikuwa na picha za posta, za stesheni, za mitaa mipana yenye miti pande zote. Tulikisoma kwa zamu, kila mmoja sentensi moja, nami nilipofikiwa nilisoma kwa sauti ndogo hata masera akaniuliza kama ninaungama. Lakini nilikipenda. Sikuwahi kuona mji wangu ukiandikwa. Nilinakili nusu ya kijitabu kwenye daftari, na Jumapili nikakigeuza Kiswahili.

“Mjomba mpendwa,” niliandika, “mji wetu ni mji wenye kukua. Barabara zake zimenyooka kama rula. Umeme upo mchana na usiku. Bomba la kiwanda cha shaba linatoa moshi kila siku ya Mungu, ishara kwamba kazi haiishi. Hewa yake, kwa sababu ya mwinuko, inawafaa sana Wazungu. Kuna uwanja wa nyasi laini wa kuchezea golfu.”

Nikaona kijitabu kimesahau jambo kubwa kuliko yote, nikaliongeza mwenyewe: “Na hapa, mjomba, hakuna mtu wa kulala njaa. Kila juma kampuni inagawa posho: unga, samaki wakavu, maharagwe, mafuta, chumvi. Inatoa blangeti. Inatoa shati na kaputula za kazi. Mtu wa kambi hahangaiki kununua kitu.”

Sentensi hiyo ya mwisho niliipigia mstari.

Jibu lilichukua majuma matano. Mjomba aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Nikalisoma kwa sauti, baba kwenye kiti, mama mlangoni.

“Kwa mwipwa wangu karani. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniandikia kwamba hewa ya huko inafaa bazungu. Mi nimekuwa muzungu tangu lini? Unaniandikia nyasi za kuchezea. Mi niko mbuzi? Lakini haya nimeyacheka tu. Lililonishinda ni lile ulilolipigia mstari. Kama kampuni inawapa watu bunga, mafuta, blangeti mpaka kaputula, nani atanunua kwangu? Anayepewa vyote hana haja ya fundi. Huko ziwani hakuna anayegawiwa kitu, ndiyo maana kuna soko. Nitakuja kuangalia siku nane, kwa heshima ya mama yako. Mashini nimeshazitia mafuta kwa safari ya Albertville.”

Nilimaliza kusoma. Mama aliacha kuchambua maharagwe.

“We, mambo ya posho uliandika juu ya nini, sababu gani?”

“Juu ni kitu ya muzuri, mama.”

“Ni muzuri kwa ule mwenye kula! Kwa ule mwenye kuuzisha, je?”

Baba alianza kucheka, kisha mgongo ukamkata akaacha. “Muache mutoto,” alisema. “Ameipigia kampuni ngoma, na kampuni haikumulipa.”

Niliingia chumbani nikalala kifudifudi mpaka wakati wa bukari, ugali wetu wa jioni. Sikulia. Nilikuwa nikiisoma tena ile sentensi kichwani, na kila nilipoisoma ilikuwa ya kijinga zaidi. Mtu aliyezaliwa kambini huona posho kama anavyoona mvua. Haimjii akilini kwamba kuna anayekosa chakula kwa sababu yake.

Mjomba alifika wakati wa likizo ya Pasaka. Alikuja na meli ya mto Lualaba mpaka Bukama, kisha treni. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya vitambaa viwili na pini sita zimepangwa kwenye ukosi wa koti, na macho yake hayakutulia usoni kwa mtu. Yalishuka mabegani, kiunoni, yakapanda tena. Ukisalimiana naye ulijua umeshapimwa.

Alimshika mama mikono yote miwili. “Mudogo wangu. Umenenepa.”

“Yaya, kaka yangu, nisinenepe? Si barua ilikuambia?” Wakacheka mpaka mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha mjomba akanigeukia.

“Huyu njo karani mwenyewe?”

Niliangalia miguu yangu.

“Kinywa yake iko wapi? Aliisahau mu kalamu?”

Baba alikuwa bado na majuma yake ya mwisho kazini, mama alikuwa na mtoto wa kunyonya. Kwa hiyo wa kumtembeza mjomba nilikuwa mimi. Kibali chake cha mgeni kilikuwa na muhuri wa siku nane. Usiku wa kwanza nilipanga kichwani nitamwonyesha nini, na asubuhi nilimpeleka hasa kule kulikokuwa kwenye picha za kijitabu, maana sikujua mji mwingine wa kuonyesha wageni.

Tulipita posta. Tulipita mitaa ya maduka, yenye nguo za kike zimevalishwa sanamu zisizo na vichwa. Mjomba alisimama mbele ya kioo kimoja, akainama kuona mshono wa bega. “Mashini ya umeme,” alisema. Tulikwenda mpaka kwenye nyumba kubwa za Golf, mtaa wa Wazungu kando ya ule uwanja, tukasimama barabarani, kwa sababu ndani hatukuwa na ruhusa ya kukanyaga. Wazungu wawili walikuwa wakitembea kwenye nyasi na nyuma yao mtu mweusi amebeba mfuko wa vijiti. Mmoja akapiga kimpira cheupe. Wote watatu wakaenda kutafuta majanini.

Mjomba aliangalia kwa muda mrefu. “Banapiga kayai,” alisema, “kisha banaenda kukatafuta. Wakikaona?”

“Wanakapiga tena,” nilinong'ona.

“Eeh. Na kazi banafanya saa gani?”

Wakati wa kurudi polisi alitusimamisha, akasoma kibali cha mjomba mbele na nyuma, akatuambia tusichelewe kuvuka kurudi upande wetu. Mjomba alikunja karatasi yake polepole. Tulipofika kwenye njia ya reli alisimama.

“Hii hukuandika,” alisema.

“Hapana, mujomba.”

“Na ile ya kwamba saa tatu ya usiku mutu mweusi asionekane mu mitaa yao, dada yako mudogo njo ameniambia. Hukuandika pia.”

Nilitikisa kichwa. Nilitaka kusema kwamba kijitabu hakikuwa nayo, lakini hata mimi nilisikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa dogo.

“Sikia, karani. Mutu akinisifia mahali bila kunitajia ubaya wake, mi nasema tu: huyu hajapaona, au ananificha. Yote mbili ni mubaya kwa biashara.”

Siku ya pili nilimpeleka soko la cité. Kulikuwa na mafundi wa kushona kwenye baraza, kila baraza na mashini yake. Hapo ndipo nilipoona namna mjomba anavyofanya. Hakuwauliza mafundi kama kazi ipo, maana fundi yeyote atakuambia Mungu anasaidia. Aliwasalimia, akaomba maji, na wakati anakunywa aliangalia chini ya mashini, kwenye vipande vilivyokatwa. Aliniambia baadaye kwamba mdomo wa fundi hujua kudanganya lakini sakafu yake haijui. Vipande vyeupe vingi ni komunyo na harusi. Vyeusi ni misiba. Vya rangi moja tu, ana mteja mmoja na anamwogopa.

Sakafu za cité zilikuwa na rangi zote. Nilifurahi. Yeye hakufurahi.

“Kazi iko,” alisema. “Lakini benye kuifanya beko hapa tayari. Nikiweka mashini yangu hapa, nitakuwa wa kumi na mbili. Albertville nitakuwa wa tatu.”

Usiku ule nilimsikia akimwambia baba, kwa sauti ya mtu anayebembeleza jeraha: “Shemeki, usinikasirikie.” Na baba akajibu: “Sikukasirikii, shemeki. Kongolo pia njo kwetu.” Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilihesabu vitabu vyangu. Vilikuwa saba, viwili ni vya shule na vingelazimika kurudishwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya posho. Sikutaka kumpeleka. Yeye mwenyewe alivaa kofia akasema, “Twende tuone ile ya kupigia mstari.”

Siku ya posho wanawake wa kambi husimama mstari mbele ya ghala tangu asubuhi, na mabeseni, vikapu, chupa za mafuta. Karani wa ghala anaita namba za waume zao. Mwanamke akiitwa namba anaitika kana kwamba ndiyo jina lake. Siku ile mambo yalikuwa marefu zaidi, kwa sababu upande wa pili wa ghala walikuwa wanagawa nguo za kazi za mwaka, na wanaume waliotoka zamu ya asubuhi walisimama huko.

Mjomba alikaa juu ya jiwe la mpaka, mikono magotini, akaangalia unga ukipimwa. Kibaba kinaingia kwenye gunia, kinatoka, kinamwagwa kwenye beseni. Samaki. Mafuta. Chumvi. Kila beseni liliondoka limejaa.

“Soma barua yako, karani,” alisema, bila ubaya. “Iko hapa yote. Hukudanganya.”

Wakati huo kijana mmoja alitoka upande wa nguo amevaa kaputula mpya ya kaki, na ameishika kiunoni kwa mikono miwili. Ilimfika chini ya magoti, na upana wake ulikuwa wa watu wawili. Wanawake walimwona.

“Yooo! Baba, ile kaputula uko na nani ndani?”

“Muachie! Amepangisha ndugu yake, kodi ni ya kampuni!”

“Kimbia kidogo tuone nani atafika wa kwanza, weye ao kaputula!”

Kijana akajaribu kusalimia kwa mkono mmoja, kaputula ikashuka upande mmoja, mstari mzima ukapiga vigelegele. Nyuma yake akatoka mzee mnene ambaye shati lake halikufunga hata kifungo kimoja. Karani wa nguo alikuwa akigawa kwa kufuata orodha, si kwa kufuata miili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Baba yangu alifunga kaputula yake kwa kamba ya gunia, na mama aliikunja mikono ya shati lake akaishikiza kwa sindano ya kushonea magunia, ushonaji mbaya kabisa, na tulikuwa hatuuoni tena kwa kuuzoea.

Nikaangalia mstari. Ilikuwa kana kwamba mtu amefungua dirisha. Kila mwanaume aliyesimama pale alikuwa na kamba, pini, au mkunjo. Walipewa nguo bure, wote, na hakuna iliyomtosha mwenyewe.

Mjomba alikuwa bado anaangalia unga.

“Mujomba,” nilisema. Sauti haikutoka. Nilijua kwamba nisiposema sasa atasimama, atakung'uta suruali, na mambo yataishia hapo. Nilivuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji baridi, na kwa kuwa sikuwa na mazoea ya kupima sauti yangu, ilitoka kubwa kuliko ya karani wa ghala:

“Mujomba, achana na bunga! Angalia makaputula!”

Karani alisimamisha kibaba hewani. Wanawake karibu arobaini walinigeukia, mimi ambaye hawakuwahi kunisikia nikiomba hata njia. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na jiwe. Lakini mjomba hakuniangalia. Aliangalia nilikomwonyesha. Macho yake yakaanza kazi yao, mabegani, kiunoni, mabegani, kiunoni, mtu wa kwanza, wa pili, wa tano. Akasimama.

Alimwendea yule kijana, bila kumuuliza jina wala kabila, akashika kaki ya kiunoni kwa vidole viwili. “Vidole vinne huku, vinne huku,” alisema. “Na hapa chini nakata, nakurudishia mufuko wa pili.” Akachomoa pini mbili kwenye ukosi wake, akazichoma, akarudi nyuma hatua moja. Kijana aliachia mikono. Kaputula ilibaki mahali pake.

“Mama yangu!” alisema mwanamke wa mbele. “We uko fundi?”

“Ni kaka ya mama yake na huyu,” mwingine alijibu, akinionyesha kwa kidevu, “huyu wa kupiga kelele.”

“Fundi, bwana yangu mikono ya shati inamufika ku vidole, anakula nayo bukari!”

“Fundi, blangeti inaweza kutoa koti ya mutoto?”

“Inaweza,” alisema mjomba. “Koti mbili, kama mutoto haiko munene.”

“Fundi, mi niko na bunga ya kubakia, unakubali bunga?”

“Nikule bunga ya kambi nzima?”

“Eh, hujue? Utaiuzisha ku cité, banangu! Bale benye hawana posho banainunua mu mulango!” Walimcheka kwa kutojua jambo ambalo kila mwanamke wa kambi anajua, na ambalo mimi, msomi wao, sikuliandika.

Kapita, msimamizi wa kambi, akaja na kofia yake kusema kwamba pale si soko. Mjomba alivua kofia yake, akamsalimia kwa heshima, na macho yake yakashuka kwenye koti la kapita lililokuwa limepasuka kwapani. Kapita naye akajiangalia. “Nendeni mukafanyie ku nyumba,” alisema, kwa sauti ya chini kidogo.

Siku zilizobaki baraza letu lilijaa. Mjomba hakuwa na mashini, alishona kwa mkono, na mama alipasha pasi ya makaa. Mimi nilikaa kwenye kigoda na daftari, nikiandika vipimo: kiuno, bega, urefu wa mguu. Wateja walinitajia namba zao za kazi na mimi nikawauliza maswali, kwa sababu mjomba alikuwa na pini mdomoni na hakukuwa na mtu mwingine wa kuuliza. Siku ya kwanza niliuliza nikiangalia daftari. Siku ya tatu nilimwambia mzee mmoja asivute tumbo, maana nguo ataivaa akiwa anapumua, na akacheka, na nikaona kwamba ni mimi niliyemchekesha.

Vipande vya kaki vilijaa chini ya kigoda. Mama alitaka kufagia, mjomba akamkataza. Asubuhi ya siku ya saba aliviangalia kwa muda mrefu akitafuna mswaki.

“Rangi moja,” alisema.

Nilikumbuka alichosema kuhusu mteja mmoja.

“Rangi moja, mutu mingi,” aliendelea. “Hiyo sijaiona mahali pengine. Kampuni ikiacha kugawa nguo kesho, nitakuwa na njaa. Ikiamua kupima watu, nitakuwa na njaa. Albertville iko na mambo yake, hapa iko na yake.” Akatema. “Shemeki, siwezi kuleta tatu. Nitaleta mashini moja. Mbili zitabaki na bibi yangu Kongolo, anajua kuzitumia kuliko mimi. Tuangalie mwaka moja.”

“Moja tu, yaya?” mama aliuliza.

“Moja inatosha kuandikisha kiwanja. Ao hapana?”

Baba alikuwa ameshikilia kiti kwa mkono mmoja, kama anavyofanya mgongo ukimsumbua. Alikaa. “Inatosha,” alisema. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akifuta uso kwa kofia.

Kesho yake, kabla ya treni, walikwenda ofisi ya cité wote wawili, na mimi nikaenda kujaza karatasi. Mzungu wa ofisi aliuliza kwa Kiswahili chake: fundi ana mashini? Mjomba akasema anayo. Ana wateja? Mjomba akaniangalia. Nikafungua daftari la vipimo nikaliweka mezani, kurasa kumi na moja, na nikasema, kwa Kifaransa, kwamba hawa ni wa siku chache tu na bila mashini. Sauti ilitetemeka lakini ilifika upande wa pili wa meza. Aligeuza kurasa kidogo, akapiga muhuri. Kiwanja alichotupa kilikuwa mstari wa mwisho wa cité, mahali ambapo majani yalikuwa hayajakatwa na bomba la maji lilikuwa mbali. Hakikuwa kiwanja ambacho ningekisifia mtu. Lakini kilikuwa na namba.

Tulihama mwanzoni mwa kiangazi, kwa mkokoteni wa kukodi, safari tatu. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha matofali mabichi na kingine bado ni mistari ya kamba chini. Mashini ilikuwa imefika siku mbili kabla, ndani ya sanduku la mbao lenye majani ya migomba, na mjomba alilala karibu nayo kana kwamba ni mgonjwa.

Jumatatu yake nilitembea kwenda shule kutoka upande ambao sikuwahi kutokea. Kutoka kambini ilikuwa dakika ishirini. Kutoka cité ya mwisho nilitembea zaidi ya saa moja, nikafika darasa limeshaanza, vumbi jekundu mpaka magotini. Masera alikuwa na rejesta mkononi. Wasichana wote walinigeukia.

“Umechelewa,” alisema. “Nilisikia familia yenu inarudi kwenu.”

“Hapana, masera. Tumehama tu. Ninatoka mbali sasa.”

“Mbali kiasi gani?”

Nikamwambia: mtaa wa mwisho, baada ya bomba la maji, nyumba yenye fundi.

“Na utaweza kuja hivyo kila siku?”

“Nitaweza.”

Akaandika anwani mpya kwenye rejesta, akaniambia nikanawe miguu. Nilirudi na miguu imelowa, nikaketi, na msichana wa dawati langu akasogeza kitabu chake kati yetu akanionyesha mstari waliofika.